Bano Nililolifuta

Jumanne, 15 Julai

Sijamwambia mtu yeyote. Mayai yalikufa kwa sababu yangu, si kwa sababu ya nyaya za Ezekieli.

Leo nimefagia maabara kama kila Jumanne, nikasoma vipimajoto viwili vya mashine ya kutotolesha, nikaandika kwenye daftari la klabu: 38 na 38. Mwandiko mzuri. Ndani ya mashine hamna yai hata moja.

Niandike ilivyokuwa, angalau hapa.

Programu yetu ya kuendesha mashine haiandikwi, inachorwa. Unaweka visanduku kwenye kompyuta, unaviunga kwa mistari. Lakini kipo kisanduku kimoja cha fomula, na humo ndani lazima uandike kwa maneno na alama, kwa kanuni zake. Kila mstari uishe kwa nukta mkato. Kuzidisha ni kinyota. Jina la kitu lisiwe na nafasi katikati. Bano lililofunguliwa lifungwe. Ukikosea, kisanduku kinakuwa chekundu. Mwalimu Mbelwa alinipa kazi hiyo mimi kwa sababu nasoma maelekezo mpaka mwisho.

Ijumaa aliniambia niongeze kipimajoto cha pili, programu itumie wastani. Nikaandika t1 jumlisha t2, gawa kwa mbili. Nilifungua bano, nikasahau kulifunga. Kikawa chekundu. Kengele ya chakula ikalia. Nikalifuta lile bano la kufungua. Wekundu ukatoka. Nikaenda kula maharage.

Jumatatu, 21 Julai

Wiki nzima sikuandika. Naendelea nilipoishia.

Bila mabano, kompyuta inagawa kwanza t2 peke yake. 38 jumlisha 19 ni 57. Mashine ikaamini mayai yanaungua, ikazima balbu inayoyapasha joto. Ikakaa hivyo mwisho wa wiki wote, na baridi hii ya Kasulu ya mwezi wa saba. MAGAZIJUTO, tuliiimba darasa la nne. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mimi wa kidato cha tatu, wa kwanza darasani kwa hesabu.

Lakini hilo ni kosa. Kinachonitia aibu ni kilichofuata. Ufunguo wa maabara ninao mimi. Jumatatu ile ya tarehe 14 niliingia peke yangu, nikashika mayai, baridi kama mawe ya mtoni. Nikafungua kisanduku, nikaona. Nikarudisha mabano. Balbu ikawaka. Ndipo nikatoka nje kuita watu.

Mwalimu aliona balbu inawaka, mayai yamekufa. Akasema waya unashika na kuachia. Aliyeziunga nyaya ni Ezekieli, mwenzetu wa klabu.

Nilikuwa nimesimama pale. Mdomo ninao.

Jumanne, 22 Julai

Mayai yalikuwa thelathini. Mama yake Ezekieli aliyaleta kutoka Kasanda, basi mpaka basi, kikapu mapajani, hakuvunja hata moja. Tulipoyapasua, vifaranga walikuwa wameshaanza kuota manyoya.

Mstarini wiki iliyopita mwalimu wa zamu alimwita Ezekieli mbele. "Mzazi anabeba mayai kilomita zote hizo, wewe unaunga waya kama unafunga mbuzi!" Watu wakacheka. Sasa bwenini wanamwita Fundi Baridi. Anapopita mtu anajikunyata na kutetemesha meno. Yeye anatabasamu. Simpendi akitabasamu hivyo.

Ameondolewa kwenye timu ya maonyesho ya sayansi ya Kibondo. Nafasi yake nimepewa mimi.

Nilisema asante.

Alhamisi, 24 Julai

Ezekieli ameomba kuhamia mkondo wa sanaa. Nimeiona barua mezani kwa Mwalimu Mbelwa nilipopeleka madaftari. Sababu: "sina mikono ya kazi hii." Mikono ile ile iliyotengeneza kengele ya shule na redio ya matroni.

Mwalimu atajibu Jumatatu.

Leo nilisimama mlangoni kwa mwalimu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mtu. Mara ya pili alikuwa peke yake, akauliza, "Vipi binti, una shida?" Nikasema naomba chaki.

Mimi ni mwoga. Watu wanaita upole.

Jumamosi, 26 Julai. Kibondo

Tulifika saa nne, vumbi mpaka kwenye kope. Mashine ilifanya kazi vizuri. Bwana mmoja kutoka wilayani alisifu programu, akauliza nani kaandika fomula. Mwalimu akanisukuma mbele. Nilieleza nukta mkato, nilieleza kinyota. Kwenye mabano nikakwama. Akadhani naona haya.

Kisha akaja mama mmoja na kitenge cha njano. Nilimjua kabla hajasema.

"Mwakeye, mwanangu. Ezekieli wangu yuko wapi?"

Hakuwa ameambiwa kwamba ameondolewa. Alikuwa ametoka Kasanda asubuhi ile kumwona mwanawe amesimama mbele ya watu. Alikuwa na ndizi za kuchoma kwenye mfuko.

Nilimwambia. Yote. Mambo ya mabano hayajui, kwa hiyo nilisema tu kwamba niliharibu mimi, nikaficha, akapigwa yeye kwa maneno.

Aliushusha ule mfuko wa ndizi chini.

"Kuku watataga," akasema. "Mwanangu alinipigia simu analia kwa ajili ya mayai yale. Ulimsikia akilia wewe?"

Nikasema hapana.

"Basi nenda ukamsikilize."

Akaniachia zile ndizi nimpelekee. Nilikwenda nyuma ya hema nikamwambia Mwalimu Mbelwa. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena. Akasema, "Nami nilimhukumu bila kufungua kisanduku."

Jumapili, 27 Julai

Nimempa Ezekieli ndizi, nimemwambia. Alikuwa anafua. Sikulia, maana sikuwa na haki.

Hakupiga kelele. Alisema, "Nyaya zile nilizifungua na kuziunga mara nne. Sikuona kosa. Nikajua nina kasoro machoni." Kisha, "Ondoka kwanza, dada. Nitakuchukia nikiendelea kukuangalia."

Nikaondoka.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi nilimwomba mwalimu wa zamu nafasi mstarini. Nilisema kosa la mashine ni la fomula, fomula ni yangu, nililigundua nikalificha, na nyaya za Ezekieli zilikuwa sawa. Sauti haikufika nyuma. Mwalimu akasema rudia. Nikarudia. Wachache walicheka.

Sikumtafuta Ezekieli kwa macho. Saa ya mapumziko Mwalimu Mbelwa alisema barua amemrudishia Ezekieli, naye bado hajajua atafanya nini nayo.

Nilikabidhi ufunguo wa maabara. Nikaenda darasani. Kipindi kilichofuata kilikuwa Baiolojia. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe.