Siku Kumi za Sindano

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Kahama. Hospitali ya India imepiga simu saa nne asubuhi. Mke wangu Justa afike Ijumaa tarehe 13, vipimo siku mbili, apasuliwe moyo tarehe 16. Baada ya hapo daktari anakwenda likizo. Nafasi nyingine ni Novemba. Daktari wetu wa hapa alikwisha kutuambia: Novemba ni mbali mno.

Viza zote mbili zipo. Tiketi zipo. Justa alichanjwa homa ya manjano, kama India wanavyodai, mwezi wa saba. Mimi bado — na kosa ni langu. Siku ile kijana mmoja mlangoni mwa kliniki alitaka kuniandikia kadi bila sindano. Nilimkaripia mbele ya watu, nikaondoka kichwa juu. Niliporudi, chanjo ilikuwa imekwisha.

Jumatano, 4 Septemba
Mwanza. Chanjo imepatikana! Muuguzi anaitwa Mageni, mpole lakini si mlegevu. Aliuliza umri. Sabini na moja. Waliopita sitini huangaliwa zaidi, alisema. Akapima presha, akauliza kama mayai hunidhuru, kisha akachoma. Akaandika tarehe ya leo na kugonga muhuri.

"Kadi inaanza kutambulika baada ya siku kumi, Mwalimu. Tarehe 14."

Nikamwambia tunafika tarehe 13. Akaweka kalamu chini. Wakigundua hapa, sitapanda ndege; wakigundua huko, watanitenga, pengine hadi siku sita. Na mgonjwa? Ataendelea na safari. Peke yake! Justa hajui Kiingereza hata cha kuomba maji.

Kalamu ilikuwa pale mezani. Nilitaka kumwomba airudishe tarehe nyuma. Nikachukua kadi, nikatoka.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimepiga simu India: nafasi haisogei. Ndege nayo: hakuna nyingine itakayowahi vipimo.

Justa anafunga mizigo. Nimepanga dawa zake katika maboksi yake yenyewe, na barua ya daktari juu. Yeye amejaza mfuko mzima wa michembe, viazi vitamu vyetu vikavu. Nikamweleza masharti ya kuingiza vyakula huko.

"Huko kuna pilipili tupu, Baba Masele. Nipone moyo, nife kwa pilipili?"

Tulicheka. Kicheko kilimmaliza pumzi. Akakaa kitandani, midomo imebadilika rangi. Alipotulia aliniuliza kama nitakuwa karibu watakapomfungua kifua. Nikasema nitakuwepo.

Sikumwambia habari ya tarehe.

Jumapili, 8 Septemba
Mwanangu Masele amefika kutoka machimboni Geita, buti bado zina udongo wa shimoni. Hakukaa. Akatoa kadi mpya: jina langu, muhuri, tarehe 24 Agosti. Ameipata kwa mtu. Sikuuliza nani.

— Baba, si umechomwa kweli? Dawa imo mwilini. Ni tarehe tu!
— Tarehe ndiyo kadi.
— Basi mwambie mayu hivyo. Mwambie atapasuliwa akiwa na wageni kwa sababu ya tarehe.

Nikamjibu kwamba miaka thelathini na minane niliandika tarehe ubaoni kabla ya neno lolote.

— Huu si mtihani wa darasa la saba, Baba!

Mama yake akaita kutoka chumbani: kuna nini? Tukajibu kwa pamoja: hakuna kitu. Uongo wetu wa kwanza, na tuliusema vizuri.

Ameondoka bila kuaga. Kadi ameiacha chini ya kopo la sukari. Tarehe 24 Agosti nilikuwa Kagongwa msibani. Imo humu humu, kurasa chache nyuma.

Jumanne, 10 Septemba
Homa kidogo. Mkono unauma. Mageni kasema kwa simu ni kawaida baada ya chanjo. Nikizidiwa nirudi haraka. Nimekunywa maji mengi.

Mchana nilikwenda jikoni kuichana kadi ya Masele. Nikapika chai.

Alhamisi, 12 Septemba
Uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Homa imekwisha. Naandika nikiwa nimesimama kwenye foleni ya afya. Kadi ya Mageni iko mfuko wa shati. Ya Masele iko mfuko wa koti.

Justa wamempitisha mwanzo kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Amewekwa upande wa pili, mfuko wa michembe mapajani. Kila mara anageuka kunitafuta.

Afisa ni binti mdogo, mtaratibu. Hasomi kadi tu. Anauliza kila mtu: "Ulichanjwa lini?" Kisha analinganisha. Laiti angekuwa mvivu!

Mbele yangu watu wawili.

Humu nimeandika kila kitu tangu nilipoajiriwa, hata yale ya aibu. Sasa kadi moja nimeitoa mfukoni. Sitaandika ni ipi.

Mmoja. Justa ameinua mkono, ananiita —