Goti Langu Limepona

Mama Zuhura mpenzi,

Natangaza rasmi, na taifa lisikie: goti langu limepona.

Jana nilipanda Uluguru kwenda kwa shangazi. Akina mama waliokuwa wakishuka na matenga ya kabichi kichwani walinikuta nimekaa juu ya jiwe. Wakafika sokoni, wakauza, wakarudi. Mimi nipo palepale.

"Baba, umeota mizizi?" mmoja akauliza, akautia mkoba wangu ndani ya tenga lake tupu.

Shangazi alinipokea kwa magimbi ya moto. Ukungu ukaingia nao sebuleni, ukakaa nasi kimya kama mgeni, na mto tukausikia tu bila kuuona.

Ulinionya: "Siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, utakaa naye lini, Baba Zuhura?" Leo nikakupigia simu kwamba goti limevimba, nitarudi Ijumaa.

Halikuvimba, mke wangu. Kabla sijakaa, shangazi aliniuliza naondoka lini, na neno "kesho" likakataa kunitoka. Nisamehe. Nakuletea stroberi, zile zitakazouweza mwendo wangu.

Wako,
Baba Zuhura