Kwangu Iko Sawa

Gisenyi, Jumapili

Dada yangu Veneranda,

Pokea salamu za mdogo wako. Nimezoea kuanza kwa kukwambia kwamba mimi ni mzima na hofu yangu ni kwenu huko Ngara. Leo neno "mzima" limegoma kuandikika, na nitakueleza kwa nini.

Kazi yangu unaijua: kabla tovuti haijatolewa kwa watu, naifungua kwenye simu na kompyuta za kila aina, mpya na kuukuu, kwa vivinjari tofauti, nione kama inafanya kazi kwa kila mtu. Majuzi tulipewa tovuti ya hospitali, ya wagonjwa kuomba siku ya kumwona daktari. Kwenye simu mpya haina kasoro. Kwenye simu ya zamani, kama ile ya Mama, mgonjwa anajaza kila kitu, anabonyeza kitufe, kitufe kinabadilika rangi, naye anakaa kungoja jibu la ombi ambalo halikuondoka.

Nikamwambia Patient, mtengeneza programu wetu, mtu wa Goma. Hakugeuka hata shingo. "Kwangu iko sawa, dada. Hiyo telefone yako iko muzee, uitupe mu lac!" Ofisi nzima ikacheka, maana ziwa lenyewe liko chini ya dirisha letu. Nikaibeba simu, nikamtia mkononi. Akabonyeza, akabonyeza tena. "Bon," akasema taratibu. "Donc, ni kwangu tu ndiyo iko sawa."

Alikwenda mwenyewe kwa bosi. Bosi akasema wenye simu za hivyo ni wachache. Tovuti ikatoka vilevile. Tangu hapo nikishika chakula nawaona wale wachache, wamekaa, wanangoja.

Sasa, Dada. Juzi uliponipa Mama kwenye simu, aliniita Adela. Mama mdogo Adela alizikwa mimi na wewe tukiwepo. Akaniuliza mbona sijarudi kisimani. Ukachukua simu, ukacheka: "Amechoka tu. Mimi namwona yuko sawa."

Katika maneno yako nilisikia sauti ya Patient, kabla hajageuka shingo.

Najua wewe ndiye unayemwogesha na kumlisha, na mimi niko huku kando ya ziwa nikibonyeza vioo. Usinikasirikie. Ila wewe ukiingia chumbani unamtajia jina lako, unamwambia ni asubuhi, unampa kikombe mkononi. Kila kitu unampa, naye anakubali. Jaribu kutompa kitu, si jina wala saa. Kaa kimya karibu naye, umsubiri.

Nisalimie shemeji, na babu mlinzi wa zahanati, na mama mkwe wako. Kwa Mama usinitaje jina. Mwambie tu binti yake wa mwisho anamsalimu, kisha ungoje alitaje yeye. Atakachosema, niandikie kilekile, hata kikiwa kibaya.

Mdogo wako,
Godeliva