Kichujio cha Blanketi

Karanja, mwanarika wangu,

Usidhani naandika kukulilia. Nilikulilia pale kaburini mpaka shemeji Nyambura, mke wako, akanishika mkono. Leo nina hasira nawe, na huna pa kukimbilia.

Jumamosi Nyambura aliniita kwenu Thika. Akanitolea ile ndege yako ndogo ya injini ya petroli, mabawa ya karatasi bado mazima. "Chukua wewe, shemeji. Alikupenda kuliko ndugu yake." Nikarudi nayo Ruiru nimeipakata.

Jana nikafungua tangi nilioshe. Unajua nilichokiona? Mwisho wa ule mpira unaovuta petroli, pale penye nati nzito ya kuuzamisha, umefunga wavu wa shaba. Wavu laini, umekatwa kwa makasi, umekazwa kwa waya na mkono wako. Fundo lile hakuna mwingine analifunga. Blanketi halikuwapo. Hata uzi mmoja!

Karanja, ni nani aliniambia blanketi?

Tulikaa nyuma ya stoo ya shamba la mkonge, siku bwana mwenye shamba alipotugawia injini mbili kuukuu, kila mtu ajijengee ndege yake. Wewe ulikuwa umewahi kufanya kazi gereji, mimi sikujua kitu. Nikakuuliza nichujie petroli na nini. Ukachana kipande kwenye blanketi lako mwenyewe, ukaniwekea mkononi. "Sufu inashika uchafu wote, Mwangi." Nikaamini. Mimi na wewe tulitahiriwa asubuhi moja, tukasimama kwenye maji yale yale ya baridi. Mtu wa rika lako humuulizi mara mbili.

Kumbe sufu inatoa manyoya! Chini injini inanguruma vizuri. Ikipaa, nikiizungusha kwa zile nyaya za kuishikia mkononi mara mbili tatu, manyoya yameshaziba kabureta, inakohoa, inazima. Ni mara ngapi uliniokotea ndege katikati ya mkonge ukisema, "Ni upepo tu"? Ai, upepo!

Halafu ikaja ile Jumapili. Rafiki wa bwana alitoka Thika kutafuta fundi mmoja wa karakana yake, akasema atamchukua yule ambaye ndege yake itamaliza raundi kumi. Yangu ilianguka ya tatu. Yako ilimaliza. Ukapata kazi, nyumba ya mawe, na ruhusa ya kuhamia mjini na familia, wakati sisi wengine bila pasibuku, kile kitabu cha serikali cha ruhusa ya kusafiri, hatuwezi hata kuvuka daraja. Mimi nimebaki kwenye mashine ya mkonge, na wanangu bado wanalala chumba kimoja na kuku. Na nilikushangilia, mjinga mimi! Nilikubeba mabegani mpaka kwa bwana.

Ungeniambia ukweli, labda ungeshinda hata hivyo. Mikono yako ilikuwa mizuri kuliko yangu. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kila Krismasi ulituletea sukari na blanketi jipya. Mke wangu Wanjiku alikuwa akisema, "Karanja ana roho nzuri." Mimi nilicheka kwamba labda hujui zawadi nyingine. Sasa nafikiri ulikuwa unakuja kuniambia, kila mwaka, ukifika mlangoni unashindwa. Ungesema tu! Ningekutukana siku mbili, ya tatu tungekunywa chai.

Nyambura sitamwambia, hilo nakuahidi. Amebaki na jina lako tu, siwezi kumchafulia. Na fundi yeyote akiniuliza achujie petroli na nini, nitamwambia wavu wa shaba, hata kama tunagombea kazi moja.

Haya, lala. Asubuhi ya leo Ruiru ina baridi kweli kweli, na ninavyoandika hivi nimejifunika lile blanketi lako la Krismasi iliyopita. Nimelitupa nje mara mbili tangu jana, Karanja. Mara mbili nimetoka kuliokota.

Mwangi