Dakika Kumi na Moja za Geti la Tatu

Jumamosi, 1 Machi

Leo ile picha ya sinema imeonyeshwa. Sare thelathini na nane nimeshona mimi – mashati, suruali, kofia, hata ule mfuko wa kitambaa wa kubebea majalada ya mahakama. Mwishoni majina yakaanza kupanda. Nimehesabu: sitini na saba. Yupo dereva. Yupo mpika chai. Yupo mwenye mbwa, na mbwa mwenyewe! Fundi cherehani hayupo.

Sawa. Nilianza na cherehani moja, hakuna aliyenishika mkono. Leo ninazo nne. Sihitaji jina langu lipande ukutani.

Lakini mbwa!

Picha inaitwa Geti la Tatu. Ni mahakama ya kijeshi mwanzo mpaka mwisho. Koplo anashtakiwa kwamba aliacha lindo mchana kweupe, geti likabaki wazi, lori likatoka na mablanketi mia mbili. Yeye anasema hakuondoka. Meja anayemshtaki ana sauti ya kukwaruza na suruali iliyomkaa vizuri (kazi yangu). Wakili wa koplo ni luteni, mwanamke, anauliza maswali kama mtu anayefumua mshono – taratibu, uzi mmoja mmoja. Majaji wanatoka kushauriana. Wanarudi. Mkubwa wao anafungua mdomo – giza. Imeisha.

Ukumbi mzima kelele. Bisi zikarushwa. Mwenye ukumbi, mjanja yule, akawasha taa, akasema basi hukumuni wenyewe, mikono juu. Akapita safu kwa safu akihesabu. Mwenye hatia: 74. Hana hatia: 51. Jumla 125, na tulikuwa 126. Aliyebaki ni mzee mstaafu wa jeshi, tunamwita Afande. Alikunja mikono akasema hapigi kura, mahakama yenyewe batili: umeona wapi mshtakiwa kavaa mkanda?

Mimi niliinua kwenye hatia. Hesabu tu. Simu ya getini inalia saa saba na dakika sita. Inapokelewa saa saba na dakika kumi na saba. Dakika kumi na moja. Mtu aliyepo getini hupokea simu.

Jumapili, 2 Machi

Huo mkanda. Afande ana haki, na si kosa langu, naliandika hapa lijulikane.

Nilipopewa kazi ya zile sare nilimuuliza Kaka. Yeye alikuwa koplo, sasa anaishi chumba cha nyuma cha karakana yangu na ndiye mpiga pasi. Akanieleza: mshtakiwa akiingia mahakamani anavuliwa mkanda na kofia. Nikapunguza kiuno cha suruali ya mwigizaji inchi mbili, ikae bila mkanda. Mwigizaji akajitazama kwenye kioo, akasema bila mkanda anaonekana kama mtu aliyefiwa. Wakakifumua kiuno changu, wakampa mkanda. Inchi zangu mbili zikajikunja pale mbele kama gunia.

Nimemsimulia Kaka. Akacheka kwa pua.

"Basi huyo hajashtakiwa. Amealikwa."

Nikamwambia aende akaione. Akasema, "Naijua." Hajaiona na anaijua! Maringo hayo.

Yeye mwenyewe alifukuzwa jeshini na mahakama kama ile, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kosa lenyewe lilelile, kuacha lindo. Wanajeshi hawana makosa mengi, nadhani. Tangu siku hiyo hajavaa mkanda. Suruali zake namshonea bila vitanzi, kiuno cha kubana. Nilidhani ni tumbo linamsumbua.

Miaka ishirini na miwili nimempa chumba, chakula na pasi. Swali sijampa.

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye ukumbi ameandika matokeo kwa chaki kwenye ubao wa nje. Ya jana: hatia 68, hana hatia 60. Watu wanasimama kuyasoma kuliko wanavyosoma tangazo la picha yenyewe.

Karakana nzima hakuna mazungumzo mengine. Mteja aliyekuja kupimwa gauni anasema koplo hana hatia, ana macho ya ukweli. Nikamwambia mahakama haipimi macho, na asimame wima, namkosea mabega. Muuza bisi wa ukumbini, ambaye huja kwangu kila asubuhi kukaa tu, akadakia:

"Macho ya upole yale, shoga yangu, hata mume wangu anayo. Na getini humkuti."

Mwingine anasema yule luteni ni mzuri mno kushindwa kesi. Mwingine analia juu ya mablanketi. Hakuna hata mmoja aliyetaja dakika. Hao ndio wanaohukumu.

Jumatano, 5 Machi

Muuza bisi kafungua mdomo wake. Nimetoka kununua zipu, narudi namkuta amejiegemeza mlango wa chumba cha pasi, anamwambia Kaka, "Hata dada yako aliinua mkono, nilimwona, safu ya tatu, wa kwanza kabisa!"

Sikuwa wa kwanza. Nilikuwa kama wa nne.

Kaka alinyunyiza maji kwenye kola. Akaendelea na pasi. Alipoondoka yule mwanamke nikaona nijieleze, maana kunyamaza ni kama kukiri.

"Ni hesabu, Kaka. Dakika kumi na moja simu inalia. Alikuwa wapi?"

"Ililia mara tatu," akasema.

"Kwenye picha inalia mara moja."

"Najua. Nilimwambia yule mwongozaji kwamba ililia mara tatu. Ya tatu nilikuwa narudi, nakimbia."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Mwongozaji wa ile picha alikuja hapa mchana, siku tatu mfululizo, wakati wa kupima sare. Alikaa chumba cha pasi na Kaka. Nilidhani wanaongelea mikunjo ya suruali! Kumbe geti, simu, dakika – vyote vya Kaka. Mtu mzima amehadithia kesi yake kwa mgeni, hatua nne kutoka mezani kwangu, na mimi nikawapelekea chai.

Nikamuuliza, "Basi ulikwenda wapi?"

Akageuza shati, akaanza mkono wa pili.

"Ile cherehani yako ya kwanza, na meza yake ya chuma. Ina kilo ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Haya basi."

Akaisukuma pasi mbele. Nami nilikuwa na gauni la kumalizia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipindua cherehani ya kwanza. Chini ya meza niliandika tarehe ya kuinunua kwa ncha ya mkasi, nilikuwa na miaka kumi na tisa na majivuno: 16/8.

Hati ya Kaka ya kufukuzwa iko kwenye boksi langu la karatasi muhimu. Nimeitunza miaka yote, naijua ilipo, sijawahi kuisoma zaidi ya mstari wa kwanza. Tarehe ya kosa: 16/8. Mwaka uleule.

Duka la cherehani lilikuwa ng'ambo ya kambi yao. Sasa nakumbuka vizuri. Nimelipa, wamenitolea mashine mpaka barabarani, wakarudi ndani. Hakuna mbebaji. Jua la mchana. Kaka yuko getini, namwona. Nikampigia kelele: "Kaka, njoo dakika moja tu!"

Alinibebea mpaka pembeni kule kwenye mikokoteni. Sikumwona akirudi, nilikuwa nabishana na mwenye mkokoteni. Walimkamata siku tisa baadaye, na mimi nilikuwa nimezama kujifunza kutia mfuko kwenye shati. Tarehe mbili, hati moja, meza moja. Mimi ninayehesabu vifungo vya wageni kanisani na msikitini – hiyo sikuihesabu.

Hakuna aliyenishika mkono. Kweli. Alishika cherehani.

Ijumaa, 7 Machi

Sikufungua duka mpaka saa nne. Nikaenda chumba cha pasi, nikasimama.

"Walikuuliza ulikwenda wapi?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sikuondoka."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Ningekwenda! Ningesimama pale niseme ni mimi niliyemwita.

"Wangekuamini," akasema. "Na cherehani wangeichukua. Kielelezo namba moja. Vitu vya mahakama havirudi, mdogo wangu. Ungeshona na nini?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kipimo. Hilo ndilo linanikera. Angenigombeza mara moja tu, miaka yote hii, tungemaliza! Badala yake ananipigia pasi. Lori lile wala hakulijua, anasema. Lilikuwa limeshatoka aliporudi.

Mchana nilichukua suruali yake ya kahawia. Nimefumua kiuno, nimekilegeza inchi mbili, nimeweka vitanzi vya mkanda. Sita. Nikanunua mkanda dukani kwa jirani, nikauweka juu ya meza ya pasi. Jioni ulikuwa bado pale, ameusogeza tu ili apitishe shati.

Jumamosi, 8 Machi

Niko ukumbini. Naandika humu ndani ya daftari la vipimo kwa sababu taa zimewashwa na siwezi kukaa na mikono bure.

Kaka amekuja. Nilipofunga duka nilimkuta mlangoni, suruali ya kahawia, vitanzi sita vitupu. Suruali anaishikilia kwa mkono mmoja. Mkanda ameukunja, uko mkono wa pili. Muuza bisi alipotuona alisahau kupiga kelele za biashara yake.

Onyesho la mwisho hili. Tumejaa, viti mia na arobaini. Tuko safu ya nane. Kaka ametazama picha yote bila kuegemea kiti. Yule meja alipouliza "Ulikuwa wapi?" niliona midomo ya Kaka inacheza, akajibu pamoja na mwigizaji: sikuondoka. Simu ikalia mara moja. Kaka akatikisa kichwa.

Afande yuko mbele yetu. Amegeuka, ameutazama ule mkanda uliokunjwa, kisha uso wa Kaka, akaondoa kofia yake. Kwa Afande ni mengi.

Giza. Kelele. Taa. Mwenye ukumbi amesimama na chaki yake: wanaosema ana hatia, mikono juu.

Sikuinua.

Kaka ameinua! Mkono umenyooka kama wa kwata. Nimemvuta shati.

"Unafanya nini?"

"Aliondoka," kanijibu. "Hesabu yako sahihi."

Safu nzima inatutazama. Mwenye ukumbi amemhesabu, akapita. Hatia: 66.

Hesabu kweli haijabadilika. Dakika kumi na moja ni kumi na moja, aitwe na nani, abebe nini. Kwenye hatia nilikuwa sahihi Jumamosi iliyopita na kwa hesabu ileile niko sahihi leo. Hakuna mahali pa kuandika kilo arobaini na mbili.

Sasa anaita wasio na hatia. Ameanzia mbele. Safu ya kwanza, tisa. Ya pili, kumi na moja. Afande amenyoosha mkono – yeye ambaye mahakama haikuwa halali!

Kaka haangalii mbele. Ananiangalia mimi, mkanda uko mapajani.

Safu ya sita. Ya saba. Inayofuata ni yetu.

Kalamu iko mkono wa kulia, na ndio huohuo ninaoinulia.