Siku Mbili za Kutandikiwa Kitanda

Munnar, Kerala,
Kusini mwa India.

Kwako Mama mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, ingawa nikikujua vizuri unaisoma ukiwa umesimama jikoni na mwiko mkononi. Kama ni hivyo, vuta kile kiti cha kaka Githinji ukae, maana nina mengi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi kilichokusumbua wewe zaidi yangu kiliisha chenyewe. Wewe je? Kuku wanataga? Mvua imefika Skuta au bado mnaangalia mawingu tu? Na goti?

Hapo kwenye goti ndipo simu zetu hukatika. Nikiuliza tu, unasema, "Network ni mbaya, Wangeci, siskii kitu," kisha nakusikia vizuri kabisa ukimwambia mkewe Wambui aongeze maji kwa githeri. Ndiyo maana safari hii nimeandika. Mwanafunzi mwenzangu wa Bangalore anarudi Nyeri, na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Karatasi haina network ya kupotea.

Wambui ameniambia yote, na usimkasirikie, mimi ndiye niliyemhoji. Ameniambia daktari alisema goti libadilishwe mwaka huu, la sivyo mwaka ujao utakuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Ameniambia pia kwamba kisu hukiogopi. Unachokataa ni zile wiki za baadaye, za kuogeshwa na kupelekwa msalani ukiwa umeshikwa mkono. Alinirudishia maneno yako mwenyewe: "Nioshwe na bibi ya kijana yangu kama mtoto mchanga? Hiyo mguu ikufe kama inataka kukufa." Nilicheka, nisikudanganye. Halafu usiku huo sikulala vizuri.

Lakini ngoja kwanza nikupe habari za huku, maana zinahusika.

Masomo yaliisha salama. Kabla ya kurudi, mimi na Atieno tuliamua kuzunguka kusini mwa nchi hii na mabegi mgongoni. Atieno unamkumbuka, yule binti wa sajenti aliyekuwa akiishi kambini huko Ruring'u, anayeongea Kikuyu kuliko sisi. Tumesafiri kimasikini, lakini kwa furaha. Tumelala kwenye treni za usiku, kwenye vitanda vya ubao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tumelala kwenye hosteli za chumba kimoja chenye wasafiri wa kila taifa, na daima mmoja wao hukoroma. Tumeoga kwa ndoo na kikombe, jambo ambalo wazungu huliandikia hadithi nyumbani kwao na sisi tunaliona kuoga tu. Tumekula kwa mkono juu ya majani ya migomba. Kuna kitu wanaita dosa, chapati nyembamba ya mchele uliochachushwa, kubwa kuliko sinia lako. Ungeila useme haina chumvi, kisha uombe nyingine.

Baada ya wiki nyingi za hayo, basi lilitupandisha milimani hadi hapa Munnar. Mama, ni majani chai kila upande, ukungu, baridi, akina mama na vikapu mgongoni. Atieno alifungua dirisha akasema, "Yaani tumesafiri hii yote kukuja kuona Othaya?" Watu wa huku chini kwenye joto hulipa ili waje kuhisi baridi. Wanavaa kofia za sufu na kupigwa picha wakitetemeka. Nikawaza jinsi sisi tumekuwa tukitetemeka bure maisha yetu yote.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Atieno, na kwa kuwa ni majira ya mvua, hoteli za kifahari huwa tupu na bei hushuka. Tukaamua kwamba kwa siku mbili tutaishi kama mabibi. Bei usiniulize, nimekwisha kuungama kwa Mungu.

Hoteli iko juu kabisa ya shamba la chai. Sakafu ya mlangoni ni marumaru nyeupe, inang'aa hadi unaona kidevu chako. Mimi nilikuwa na viatu vyenye matope ya njia nzima. Kwa hiyo nilifanya kama alivyolelewa mtoto yeyote wa kwetu: nilitafuta kijiti kwenye bustani ya maua, nikasimama pembeni, nikaanza kukwangua matope. Kisha nikavua viatu, nikaviweka mlangoni vizuri, nikaingia na soksi. Mlinda mlango mwenye kilemba alinitazama. Nilipogeuka, viatu havikuwepo. Nikamwambia Atieno tumeibiwa hata kabla ya kupewa funguo. Baada ya muda vilirudi juu ya kitambaa, vimepigwa rangi, mpaka kamba zake zimefuliwa.

Mwingine alikuja kuchukua begi langu. Nikalishika. Naye akalishika. Akatabasamu akavuta, nami nikatabasamu nikavuta.

"Wachilia begi, Wangeci," Atieno akaninong'oneza. "Watu wanaona."

"Ni nzito. Huyu mzee ni rika ya baba yangu."

"Na hiyo ndio kazi yake. Unataka afutwe juu yako?"

Nikaachilia. Lakini nilimfuata nyuma hadi chumbani, mkono mmoja chini ya begi, nikilisaidia kwa siri.

Asubuhi niliamka mapema kama kawaida. Nikatandika kitanda, nikakunja pembe za shuka vile ulivyonifundisha. Nikaosha vikombe vya chai kwenye sinki la bafuni, nikakausha sakafu ya bafu kwa taulo. Nikafungua mapazia, nikakaa. Mama mmoja wa makamo akabisha, akaingia na ufagio na rundo la shuka, akatazama huku na huku. Hakukuwa na kazi. Akatoka haraka. Mara akaja msimamizi, kijana mwenye tai, viganja ameviunganisha kifuani, anaomba radhi. Ikawa wamedhani nimekuta chumba kichafu hadi nimeona heri nisafishe mwenyewe. Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu mgeni anayelala kwa watu hutandika kitanda chake. Akazidi kuomba radhi. Wakatuletea bakuli la matunda, na yule mama amesimama nyuma yake, macho chini.

Atieno alikuwa bado kitandani, blanketi mdomoni asicheke kwa sauti. Walipotoka akasema, "Umeona venye umefanya huyo mama? Amechomewa kwa mkubwa wake juu yako, na wewe unadhani umemsaidia."

Nilikasirika naye. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikwenda kumtafuta yule mama kwenye korido, nikamwambia kosa lilikuwa langu. Alitikisa kichwa ule mtikiso wao wa huku, ambao mpaka leo sijui kama ni ndiyo au hapana.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Bei ya chumba ilijumuisha kukandwa mwili kwa mafuta ya mitishamba, dawa ya kale ya watu wa huku. Alasiri, mvua ikinyesha, niliitwa kwenye chumba kidogo kinachonukia kama shina la mti lililochomwa. Walikuwamo wanawake wawili. Mmoja akaniketisha kwenye kigoda, akapiga magoti mbele yangu na beseni la shaba, akashika mguu wangu.

Nikauvuta. Mama, sikufikiri, mguu ulijivuta wenyewe. Miguu yangu unaijua, ni yako. Ina nyufa kwenye visigino, na wiki zile za kutembea zilikuwa zimeiharibu zaidi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nitaosha mwenyewe, anipe tu maji.

Hapo nikakukumbuka wewe ile Alhamisi Kuu, walipochagua watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu na Padre. Jina lako lilisomwa. Wewe ukasema una homa, na ukaenda kukaa nyuma kabisa katikati ya kwaya, ukaimba kwa sauti kuliko wote. Homa gani hiyo? Ulikuwa unaona haya kwa ajili ya visigino. Mtu aliyebeba kabichi hadi sokoni miaka yote ile, akatulea, akaona haya kwa visigino.

Yule mwanamke hakunipa maji. Alikaa tu pale magotini, akingoja, mkono wazi. Hakuwa na haraka wala hakukasirika. Mwishowe nikarudisha mguu.

Akauosha. Alipitisha kidole katikati ya kila kidole changu, akasugua kisigino kwa kitu kama unga wa dengu, akamwagia maji ya moto. Nikaanza kulia. Sikulia kwa uchungu, wala sitaki kukuambia nililia kwa furaha. Nilikuwa nimechoka, na sikuwa nimejua. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mguu isipokuwa kunitoa mwiba.

Lakini sikiliza hili, kwa maana ndilo lililonifanya niandike. Nilipofuta macho nikamtazama, nikitegemea kuona huruma, au kinyaa. Hakuwa ananitazama hata kidogo. Alikuwa akipiga gumzo na mwenzake kwa lugha yao, wanacheka. Baadaye nilimuuliza walikuwa wanacheka nini. Akasema mwenzake alinunua samaki asubuhi na sasa hajui kama paka wa jirani amemwacha. Mama, mimi nimeketi pale nadhani heshima yangu yote iko kwenye beseni, na mwenye kuniosha anawaza samaki.

Sasa fikiria Wambui. Unadhani akikuogesha atakuwa anahesabu makunyanzi yako? Atakuwa anawaza kama amezima jiko, na kama Githinji atakumbuka mkate. Amelea watoto wawili, mwili wa mtu haumtishi. Na ujue alilia kwenye simu. Alisema, "Mathe anadhani nitamdharau. Si mimi nimekuwa nikila kwa mkono yake tangu niolewe?" Hilo hakukuambia, nakuambia mimi.

Siku ya pili sikutandika kitanda. Nilikaa juu yake nikanywa chai niliyoletewa, na mikono yangu haikujua iende wapi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuma chai. Yule mama wa ufagio aliingia, akaona shuka zimevurugika, na kwa mara ya kwanza akacheka nami.

Nimeshabadilisha tiketi. Narudi kabla ya mwisho wa mwezi, na hizo wiki za baadaye tutapokezana, Wambui mchana na mimi usiku. Lakini siwezi kukusemea ile ndiyo kwa daktari. Ukiwa na goti lile, siku moja utaanguka kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu wote, na naogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Naogopa, Mama.

Nisalimie Githinji, kaka yangu mkaidi kama wewe, na mkewe Wambui. Watoto wao waambie shangazi anawaletea bangili zenye kelele. Tata yetu wa Naro Moru mwambie nimeona mlima wa huku, na Mlima Kenya wake bado ni mrefu zaidi, asiwe na wasiwasi. Mama Njoki wa mayai pia, jirani mwema, ambaye najua atataka kuisoma hii barua, mpe tu.

Jambo la mwisho. Najua mdomo wako na neno "ndiyo" havijawahi kusikizana, na sitaki useme kwa simu. Asubuhi yoyote ukiwa tayari, maliza chai yako, acha kikombe mezani, uondoke. Usikioshe. Wambui amekaa na wewe miaka kumi na moja na hajawahi kukuta kikombe chako kichafu. Akikiona, atanipigia.

Ni mimi, mtoto wako,
Wangeci