Chupa ya Vidonge Madhabahuni

Jumatano, 6 Agosti

Kaka,

"Maombi hayajawahi kumdhuru mtu." Ulinitamkia hayo mlangoni mwa basi huku ukinipakilia magitaa, nikapanda zangu kwa heshima. Leo nakujibu: yanadhuru, yakiombwa na mtu asiyeuliza swali hata moja. Ila kwanza shikamoo. Wifi hajambo? Goti lake limepoa? Sisi wazima huku kwenye safari ya injili, vijana wa kwaya wanakula kama nzige.

Mimi na binti yako Kipaza tumepewa chumba kwa fundi cherehani, mjane mcheshi anayeshona sare za shule. Ana kifafa. Alikuwa akinywa vidonge kila asubuhi na miaka mingi imepita bila kuanguka. Jumapili Kipaza alimwekea mikono kichwani akapaza sauti: "Umepona, mama! Dawa ya nini tena?" Kanisa likalipuka kwa shangwe. Desturi ya hapa, aliyepona huileta dawa yake madhabahuni, na mchungaji huifungia kabatini. Fundi akaileta. Na mimi, mwalimu mzima wa sayansi, nikapiga makofi na wenzangu.

Ushuhuda aliokutumia Kipaza usiusome kanisani. Nakusihi.

Mdogo wako

Jumatatu, 11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti la wifi yako bado linalalamika, lakini jana lilicheza! Umechelewa: ujumbe wako nimeufungua jana usiku, na asubuhi nilikuwa nimeshapanda mimbarini na ushuhuda mkononi. Watu walilia. Mzee mweka hazina aliruka, yule ambaye hata siku ya harusi yake hakutingisha bega. Tukampigia fundi, tukaweka simu kwenye spika, kanisa zima likamshangilia.

Sasa unataka nipande tena niseme nini? Kwamba binti yangu mimi, katibu wa baraza la wazee, aliropoka? Wewe tangu utoto unabishana hata na saa ya ukutani. Mwachie Mungu.

Kaka yako

Jumatano, 13 Agosti

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida. Fundi ameanguka. Alikuwa akishona ukosi. Sindano ilimpita kidoleni. Nilimlaza ubavu chini ya sare zilizoning'inia, Kipaza amejibana ukutani ananiuliza: "Shangazi, nimefanya nini?"

Nikamfuata mchungaji. "Kilichowekwa madhabahuni hakirudi," akasema. "Utawavunja waumini imani." Nikamjibu kwamba imani inayovunjwa na kidonge ilikuwa na ufa siku nyingi. Akanionyesha mlango.

Basi nikaenda zahanati, nikapata vidonge vingine. Ulidhani yameisha? Fundi amekataa kumeza. "Mwalimu, kanisa lenu lote lilinishangilia. Nikinywa hivi, si nimewafanya nyote waongo? Na huyu mtoto atauficha wapi uso wake?" Kipaza akampigia magoti. Fundi akacheka, akampangusa machozi kwa kipande cha kitambaa: "Nyamaza, mwanangu. Mimi sitakuaibisha."

Unaona? Anakufa kwa adabu. Na sisi tumekaa naye humu ndani, tunaitazama mikono yake na jiko lake la mkaa, tunaogopa hata kwenda kuoga. Tumefungiwa, kaka, na kufuli ni makofi yenu.

Mdogo wako

Ijumaa, 15 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma, na wifi yako sijamwambia. Nimewagusia wazee wawili tu. Wanasema kesho basi likija mpande nyote, mengine tutayaombea. Nami nina heshima ya kulinda na binti ambaye bado hajaolewa. Huyo mama ana ndugu zake. Rudini nyumbani, tafadhali.

Kaka yako

Jumanne, 19 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Basi liliondoka na vijana. Sikupanda, na mwanao hakupanda.

Fundi ameanguka tena, karibu na jiko. Tulimdaka nguo ikiwa imeshaanza kuungua. Jumapili Kipaza alisimama katika kanisa la hapa akasema, "Nilikosea. Mama, kunywa dawa." Mchungaji akawaamuru waimbaji waanze wimbo. Fundi akamkumbatia, akaninong'oneza: "Mtoto anajitwisha aibu kwa ajili yangu. Walionishangilia ni wazee wa kanisa lenu. Wazee hawajasema kitu."

Heshima unayoilinda, binti yako ameshaivua mbele za watu, na hajawahi kupendeza kama siku ile. Umebaki wewe. Yanayofuata usiyafupishe, wasomee baraza kama yalivyo.

Nyinyi wazee mliosema mtayaombea, na wewe mweka hazina uliyeruka: kuomba mmeshaomba. Jumapili hii, kabla ya sadaka, wekeni simu kwenye spika ileile, mpigieni mama huyu. Msihubiri. Msimfafanulie mapenzi ya Mungu. Semeni wote, kwa sauti ileile mliyoshangilia nayo, na katibu aanze: "Mama, kunywa dawa." Mkishasema, mtu asikate simu mpaka mmesikia akishusha kikombe mezani.

Mdogo wako, pamoja na mwanao